Wasomaji Wauliza: Kujikompailia Simuleta ya Ndege kwenye Linux, Windows na Mac

Ukurasa wa maswali wa toleo hili tumeutenga wote kwa jambo moja, kwa sababu barua zilizotufikia kutoka Goma, Bukavu na hapa kwetu Lubumbashi zimeelekea upande mmoja: wasomaji wanataka kuijenga FlightGear wenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo (kazi iitwayo kukompaili, yaani kuugeuza msimbo ulioandikwa na mtu uwe programu inayoendeshwa), bila kungoja kifurushi kilichotayarishwa na wengine. Kwa asiyeifahamu, FlightGear ni simuleta ya ndege iliyo programu huria. Wazo lake lilitolewa na David Murr mwaka 1996. Toleo la kwanza la kuendeshwa kwenye mifumo mbalimbali ya kompyuta likatoka mwaka 1997, likiegemea msimbo wa LaRCsim wa shirika la NASA, na kwa miaka mingi mradi huo uliongozwa na Curtis Olson wa Marekani. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa C++. Barua tumezifupisha, lakini maswali yamebaki kama yalivyoulizwa.

Mwalimu, nakusalimu kutoka Himbi. Mimi na wenzangu tunasoma informatiki na tunataka sote tuwe na FlightGear ileile. Nina Ubuntu kwenye kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. SimGear niliipakua wiki hii na ikakompailiwa vizuri. FlightGear nilipewa na mwenzangu kwenye flashi, na kila nikiikompaili inakatika katikati kwa makosa mamia, ya kwanza yakisema kuna funksheni isiyojulikana. Mara nyingine kazi inasimama tu na neno "Killed". Kosa liko wapi? – Mwanafunzi, Goma

Ndugu mwanafunzi, jibu umelibeba mwenyewe ndani ya barua yako: SimGear yako ni ya wiki hii, na FlightGear yako ni ya siku nyingine. Vipande hivi viwili viliandikwa viende pamoja. SimGear ni maktaba inayobeba kazi za msingi, kama vile kusoma faili za XML, kuhesabu mahali ndege ilipo juu ya dunia, kuchora mawingu na kutoa sauti, na FlightGear huita kazi hizo kwa majina yake kila mahali. Mtunzi akibadilisha jina la funksheni katika SimGear leo, hubadilisha pia kila mahali inapoitwa ndani ya FlightGear, siku hiyohiyo. Wewe umechukua nusu ya badiliko na kuacha nusu nyingine.

Utashangaa kwamba CMake, chombo kinachotayarisha kazi ya kukompaili, hakikukuonya. CMake hutazama namba ya toleo iliyoandikwa ndani ya SimGear, na ndani ya tawi linaloendelea kutengenezwa, ambalo watunzi wameliita "next", namba hiyo hubaki ileile kwa muda mrefu huku msimbo ukibadilika kila siku. Kwa hiyo namba zilikubaliana, msimbo haukukubaliana. Ushauri wangu kwa kila anayeanza ni kuliacha tawi la "next" na kuchukua tawi la toleo lililotulia, kwa mfano "release/2024.1", kwa vipande vyote vitatu: simgear, flightgear na fgdata. Hiki cha tatu ndicho chenye data za msingi, yaani ndege chache, vyombo vya kupimia vya mbele ya rubani, fonti, sauti na sheria za rangi. Nacho kina namba yake, na programu hukataa kufunguka ikiona namba hiyo hailingani na yake.

Utaratibu ni huu, na usiupindue. Kwanza weka maktaba za nje kutoka kwenye hazina ya Ubuntu: OpenSceneGraph ya kuchora, OpenAL ya sauti, Boost, na Qt kwa ajili ya dirisha la kuanzia. Kisha SimGear, kisha FlightGear. Folda ya kujengea iwe mbali na folda ya msimbo chanzo, na matokeo yaelekezwe ndani ya nyumba yako mwenyewe, wala si ndani ya /usr, ili yasichanganyike na vitu vya mfumo. Ukiwa ndani ya folda uliyoipa jina "ndege", amri za SimGear zitakuwa hivi:

cmake -S simgear -B jenga-sg -DCMAKE_BUILD_TYPE=RelWithDebInfo -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/ndege/tunda
cmake --build jenga-sg -j2
cmake --install jenga-sg

Kwa FlightGear rudia amri hizohizo, ukibadilisha majina ya folda (jenga-sg iwe jenga-fg) na kuongeza -DCMAKE_PREFIX_PATH=$HOME/ndege/tunda, ili CMake itafute SimGear hapo kabla ya kwenda mahali pengine. Neno RelWithDebInfo lina faida kubwa kwa anayejifunza: programu inakwenda kasi karibu na ile iliyokamilika, na ikianguka unaweza bado kuuliza imeanguka kwenye mstari upi wa msimbo.

Hata ukiwa na matawi yanayolingana, kuna mtego mmoja ambao nimewaona wengi wakinaswa nao. Ubuntu na Debian zina kifurushi chao cha SimGear, libsimgear-dev, na mtu akiwa aliwahi kukiweka, kompaila inaweza kuchukua faili za SimGear ya mfumo huku wewe ukiamini inachukua zile ulizozijenga. Kulitambua hili ni rahisi ukisoma kosa la kwanza kabisa, lile la juu, na kuyaacha yale mamia yanayofuata, kwa sababu mengi huzaliwa na lile la kwanza. Tazama njia ya faili iliyotajwa. Ikianza na /usr/include/simgear, unasoma SimGear ya mfumo. Ikianza na /home na jina lako hadi tunda/include/simgear, unasoma yako. Ukigundua ni ya mfumo, iondoe, futa folda nzima ya jenga-fg, kisha anza upya. Kuifuta ni lazima, kwa kuwa ndani yake mna faili CMakeCache.txt inayokumbuka njia za zamani hata baada ya wewe kuzirekebisha.

Sasa neno "Killed". Ukiangalia vizuri utaona mstari wenye maneno "Killed signal terminated program cc1plus". Cc1plus ndiyo kompaila yenyewe ya C++, na aliyeiua ni kiini cha Linux, baada ya kuona kumbukumbu imekwisha. Faili moja ya FlightGear yenye violezo vingi inaweza kula gigabaiti nzima wakati wa kukompailiwa. Ukiandika -j8 kwenye mashine yenye gigabaiti 4, unaomba faili nane kwa wakati mmoja. Tumia -j2, na ikikwama tena tumia -j1. Ongeza pia eneo la kubadilishana (swap) kwenye diski. Kazi itachukua saa nyingi zaidi, lakini itafika mwisho.

Naongeza neno kuhusu umeme, kwa kuwa ninajua hali ya mitaa yetu. Kukatika kwa umeme hakupotezi kazi yote: ukiwasha tena na kurudia amri ya kujenga, chombo hulinganisha saa za faili na kuendelea na zile ambazo hazijakompailiwa. Mambo mawili ndiyo ya kuangalia. Faili iliyokuwa ikiandikwa wakati umeme unakatika inaweza kubaki nusu, nawe ukaona baadaye ujumbe "file truncated". Tafuta faili hiyo yenye jina linaloishia na .o peke yake, ifute, uendelee. La pili ni kompyuta za zamani ambazo betri ndogo ya saa imekufa, hivyo kila zikiwashwa hurudi miaka mingi nyuma. Hapo utaonywa "Clock skew detected", na chombo hakitajua tena lipi ni jipya na lipi la zamani. Rekebisha tarehe kabla ya kugusa chochote. Weka pia programu ya ccache, ambayo huhifadhi matokeo ya kila faili iliyokwisha kukompailiwa, ili hata ukifuta folda ya kujengea usianze sifuri.

Bwana Mwandishi, mimi ni fundi wa kompyuta Nyawera. FlightGear niliyoijenga kwenye Linux inakwenda vizuri. Nilichukua faili ya fgfs (ndiyo programu yenyewe) nikaiweka kwenye Windows ya kaka yangu, haikufunguka. Kwenye Mac ya rafiki, vilevile. Kompyuta zote tatu zina prosesa ya Intel. Kwa nini basi? Je, inabidi nikompaili mara tatu? – Fundi, Bukavu

Ndiyo, ndugu fundi, mara tatu. Prosesa zote tatu zinaelewa maagizo yaleyale, lakini programu haizungumzi na prosesa peke yake. Kwanza faili yenyewe imefungwa kwa umbo tofauti: Linux hutumia umbo la ELF, Windows hutumia PE, na macOS hutumia Mach-O, na kila mfumo hukataa kufungua umbo la mwenzake. Pili, kila mara FlightGear inapotaka kusoma faili, kufungua dirisha au kupokea mguso wa kibodi, huuomba mfumo endeshi, na maombi hayo yana majina na taratibu tofauti kwenye kila mfumo. Kinachosafiri ni msimbo chanzo, na ndiyo sababu watunzi wamejitahidi miaka yote kuuandika usiegemee mfumo mmoja.

Kwenye Windows njia iliyonyooka ni kutumia Visual Studio pamoja na CMake ileile. Maktaba za nje hutazipata kwa amri moja kama kwenye Ubuntu. Mradi wenyewe umetayarisha furushi la maktaba zilizokwisha kukompailiwa kwa Visual Studio, nawe unamwonyesha CMake lilipo. Angalia sana usichanganye. Maktaba za biti 32 haziungani na programu ya biti 64. Vilevile, na hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima, maktaba iliyojengwa kwa hali ya Release haiungani na programu iliyojengwa kwa hali ya Debug, kwa sababu Microsoft hutumia maktaba mbili tofauti za msingi wa C++ kwa hali hizo. Utaletewa kosa LNK2038 likitaja _ITERATOR_DEBUG_LEVEL. Ukiliona, usiguse msimbo hata mstari mmoja: rudi kwenye dirisha la Visual Studio, badilisha Debug iwe RelWithDebInfo, ujenge tena.

Unaweza pia kukompaili programu ya Windows ukiwa umekaa kwenye Linux, kwa kompaila ya MinGW-w64. Inawezekana, lakini maktaba za C++ zilizojengwa kwa Visual Studio haziungani na kazi ya MinGW, hivyo utalazimika kuzijenga maktaba zote wewe mwenyewe, kuanzia OpenSceneGraph. Kwa fundi mwenye mashine ya Windows karibu naye, siioni faida.

Kabla hujaanza, liweke folda la kazi karibu na mzizi wa diski, kwa mfano C:\ndege. Windows ina kikomo cha kale cha herufi 260 kwa njia ya faili, na vyombo vingi bado hukwama hapo. Isitoshe, majina ya watumiaji kwetu huwa na herufi za Kifaransa zenye alama juu, kama é, na si kila chombo kidogo kinachotumika njiani kinajua kusoma folda yenye jina la namna hiyo.

Kwenye Mac utahitaji Xcode. Swali la kwanza la kumuuliza rafiki yako ni mwaka wa mashine, ili uhakikishe kwamba kweli ni ya Intel. Tangu mwaka 2020 Apple imekuwa ikiuza Mac zenye prosesa zake yenyewe, ambazo maagizo yake ni tofauti na ya Intel, na maktaba zote unazoziunganisha lazima ziwe za aina moja. La pili ni michoro. FlightGear huchora kwa OpenGL, na Apple ilitangaza mwaka 2018, ilipotoa macOS 10.14, kwamba haiiendelezi tena OpenGL. Bado inafanya kazi, lakini imeishia kwenye toleo la 4.1. Kwa hiyo mbinu mpya za kuchora zikionekana kwenye Linux na zisionekane kwenye FlightGear uliyoijenga kwa uangalifu kwenye Mac, usijilaumu.

Neno la mwisho kwako. Mtumiaji anayetaka kurusha ndege tu mpe kifurushi rasmi, kwa kuwa mradi hutoa vya Windows, macOS na Linux. Kukompaili ni kwa anayetaka kurekebisha kitu ndani.

Mwalimu, niliandika programu ndogo ya C++ inayosoma faili za ndege za JSBSim (sehemu ya FlightGear inayohesabu mwendo wa ndege) na kuonyesha namba zake kwenye jedwali. Ilipokuwa ya terminali tu ilikuwa sahihi kila mahali. Nilipoiwekea dirisha la Qt, kwenye Windows imebaki sahihi, lakini kwenye Linux namba nyingi zimekuwa sifuri. Sikugusa sehemu ya kusoma namba hata kidogo. – Msomaji, Komini ya Kampemba, Lubumbashi

Swali lako limenifurahisha, kwa sababu linatuhusu sisi tunaotumia kompyuta kwa Kifaransa kuliko linavyowahusu wasomaji wa Nairobi au Dar es Salaam. Kompyuta yako imewekwa kwa Kifaransa, na Kifaransa huandika sehemu ya desimali kwa mkato: 0,85. Faili za JSBSim, kama karibu faili zote za aina hii, huandika kwa nukta: 0.85.

Tazama kinachotokea ndani. Programu yoyote ya C au C++ huamka ikiwa katika hali iitwayo "C", ambamo nukta ndiyo alama ya desimali, hata kama kompyuta ni ya Kifaransa. Hali hiyo hudumu mpaka mtu aite setlocale(LC_ALL, ""), ambayo maana yake ni "fuata mapendeleo ya mtumiaji". Wewe hukuiita. Lakini Qt, kwenye Linux na mifumo ya ukoo wa Unix, huiita yenyewe pale inapoanzishwa. Kwenye Windows haiiti. Baada ya hapo, funksheni ya atof, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikikutana na "0.85" husoma 0, huiona nukta, haiitambui, huishia hapo na kukurudishia sifuri. Ikikutana na "1551.4" inakurudishia 1551. Hakuna kosa linaloandikwa, hakuna programu inayoanguka. Ndiyo maana namba zako kubwa zilionekana karibu sahihi, na zile ndogo zikawa sifuri: vigawo vya msukumo wa hewa kwenye bawa, ambavyo karibu vyote viko chini ya moja, vilipotea vyote.

Dawa ya haraka ni kuandika setlocale(LC_NUMERIC, "C") mara tu baada ya kuanzisha Qt, ili maandishi ya dirisha yabaki kwa Kifaransa na namba zirudi kwenye nukta. FlightGear yenyewe hufanya hivyo inapoamka. Dawa ninayoipenda zaidi ni kuacha kabisa funksheni zinazotegemea lugha. Katika C++ ya mwaka 2017 kuna std::from_chars, ambayo haijali lugha ya kompyuta. Kwa namba zenye desimali inahitaji GCC 11 au ya baadaye. Kama kompaila yako ni ya zamani, tumia istringstream na uipe std::locale::classic(). Usikimbilie std::stod ukidhani umeponea: nayo hufuata lugha.

Kagua pia upande wa kuandika. Programu iliyo katika hali ya Kifaransa huhifadhi "0,85" ndani ya XML, na faili hiyo ikifika kwa mwenzako mwenye kompyuta ya Kiingereza inasomwa sifuri, naye hatajua kwamba chanzo ni wewe. Jaribio dogo linatosha kukulinda: endesha programu yako mara mbili kwenye terminali, mara moja ukiitanguliza LC_ALL=C, mara ya pili LC_ALL=fr_FR.UTF-8, kisha linganisha matokeo kwa amri ya diff. Yakitofautiana hata herufi moja, bado kuna mahali hujapaona. Hakikisha tu kwamba lugha hiyo imewekwa kwenye mashine, kwani isipokuwepo mfumo hurudi kimyakimya kwenye "C" na jaribio linakudanganya.

Kwa kuwa unaandika ndege zako, angalia na herufi kubwa na ndogo. Faili ya XML ikiomba "Models/Kabini.png" na wewe umeihifadhi "kabini.PNG", Windows itaifungua, Mac nyingi zitaifungua, Linux itakataa na kabini itaonekana nyeupe. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Mwandishi, mimi ni mama mwenye chumba cha kompyuta na kuchapisha huko Kadutu. Vijana wananiomba FlightGear, lakini mega ni ghali. Nataka kuipakua mara moja tu niwagawie kwa flashi, kila mmoja alipie kidogo. Je, sheria inaniruhusu? Na kwa nini baadhi yao wanasema nakala ya Linux haifunguki wakiifikisha nyumbani? – Mama wa Kadutu, Bukavu

Mama, sheria inakuruhusu. Leseni ya GPL toleo la 2, ambayo FlightGear imetolewa chini yake, haikatazi kulipisha kazi ya kunakili. Inachodai ni kwamba unayempa programu iliyokompailiwa apate pia msimbo chanzo wake uleule, ama umpe papo hapo, ama umwandikie ahadi ya kumpa, ahadi inayodumu angalau miaka mitatu. Ninakushauri umpe papo hapo: msimbo wa SimGear na FlightGear ni mdogo ukilinganisha na data, na hutakuwa na deni la karatasi kwa mtu. Usimzuie naye kumnakilia mwenzake.

Kuhusu mega, kinachokula ni fgdata, ambayo peke yake hupita gigabaiti moja, na historia ya mabadiliko yake huongeza uzito zaidi. Anayekupakulia kwa git, chombo cha kupakua na kutunza msimbo, aongeze --depth 1, ili achukue hali ya leo bila historia. Mandhari ya nchi hayamo ndani. Programu huyavuta yenyewe kipande kwa kipande kadiri ndege inavyosonga, kwa chombo kiitwacho TerraSync. Ukiirusha ndege mara moja kuzunguka miji yetu ukiwa na mtandao, vipande vinabaki kwenye diski yako, nawe unaweza kuwagawia. Folda zake zimepewa majina kwa kona ya kusini-magharibi ya kila mraba wa digrii moja: Goma iko ndani ya e020s10/e029s02, uwanja wenu wa Kavumu ndani ya e020s10/e028s03, na Lubumbashi ndani ya e020s20/e027s12. Anayepokea huielekeza programu huko kwa chaguo la --fg-scenery.

Nakala za Linux zinaharibika kwa sababu flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32. Umbizo hilo halihifadhi ruhusa ya kuendesha faili wala viungo kati ya faili, na halibebi faili yoyote inayofikia gigabaiti 4. Usinakili folda ikiwa wazi. Ifunge kwanza kwa tar iwe faili moja, na ikizidi kikomo igawanye kwa amri ya split yenye -b 3G. Andika sha256sum (namba ya kuhakikisha faili haijabadilika) ya kila faili kwenye karatasi ndogo au ndani ya flashi, ili kijana akifika nyumbani ahakikishe kwamba alichonacho ndicho ulichompa. Na hati za amri zisihaririwe kwenye Windows njiani, kwani mabadiliko ya mwisho wa mstari hufanya Linux ilalamike kuhusu "^M".

Mwalimu, tulijenga FlightGear mbili kutoka msimbo uleule, yangu kwenye Linux ya Intel, ya mwenzangu kwenye Mac mpya. Tulirusha Cessna 172P kwa safari ileile kutoka Goma hadi Kavumu, kwa rubani wa kompyuta. Mwishoni namba za mahali ndege ilipo zilitofautiana kidogo. Tena, Goma ndege inachelewa sana kunyanyuka kuliko kwenye viwanja vya pwani. Je, tumekompaili vibaya? – Wanafunzi wawili, Katindo, Goma

Hapana, wanangu, hakuna kilichoharibika. Nianze na uwanja, kwa kuwa hilo ni jambo la hewa na wala si la kompaila. Uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 25, hewa yake ni nyepesi kama ile ambayo katika hali ya kawaida ingepatikana karibu mita 2,300. Injini ya Cessna 172P, ambayo haina kifaa cha kusukumia hewa ndani, inapoteza hapo takriban robo ya nguvu zake, na bawa nalo linahitaji kasi kubwa zaidi ili kubeba uzito uleule. JSBSim, iliyoanzishwa na Jon Berndt mwaka 1996, inayahesabu hayo yote. Mkiacha mchanganyiko wa mafuta ukiwa umejaa kama pwani, mnapoteza nguvu zaidi. Upunguzeni kabla ya kuondoka mpaka mizunguko ya injini ifikie kilele, na mtaona tofauti. Angalieni pia kwamba data za uwanja zina tarehe zake: lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, kazi za kuirudisha zikafuata baadaye, na urefu mtakaouona kwenye simuleta unategemea mwaka ambao aliyeuchora alizichukua data zake.

Sasa tofauti ya namba. JSBSim ndani ya FlightGear huhesabu upya hali ya ndege mara 120 kwa sekunde. Kila hesabu hukatwa kwenye tarakimu ya mwisho inayoweza kuhifadhiwa, na ukataji huo haufanani kila mahali. Prosesa ya Mac mpya ina agizo linalozidisha na kujumlisha kwa pamoja na kukata mara moja tu, na kompaila huweza kulitumia yenyewe bila kuambiwa. Kwenye Intel, kompaila isipoambiwa vingine, huzidisha, hukata, kisha hujumlisha na kukata tena. Funksheni za sin na cos nazo hutoka kwenye maktaba tofauti za mifumo hiyo miwili. Tofauti ndogo kabisa, ikirudiwa mara 120 kwa sekunde kwa muda wote wa kuvuka Ziwa Kivu, hukua mpaka ikaonekana.

Kama mnataka kuthibitisha, jengeni zote mbili mkiongeza -ffp-contract=off, inayozuia kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja, kwenye CMAKE_CXX_FLAGS, kwa SimGear na FlightGear, kisha rudieni safari. Sehemu ya tofauti itapungua. Ile ya sin na cos itabaki. Lililo bora zaidi kwa ulinganisho ni kuijenga JSBSim peke yake, ambayo inaweza kuendeshwa bila michoro kwa hati ya amri iliyoandikwa mapema, kwa sababu ndani ya FlightGear kasi ya picha pia huingilia wakati ambapo rubani wa kompyuta anapewa nafasi ya kusahihisha. Wekeni upepo sifuri, hali ya hewa ya kawaida, na uzito uleule wa mafuta. Tofauti ikibaki ndogo, jengeni mkiwa na amani. Ikifika mamia ya mita, rudini kwenye mambo mawili niliyoyajibu juu: matawi ya msimbo yanayotofautiana, na mkato wa Kifaransa.